Kimo Ndani, Ila Kimeganda

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: tukiambiwa tusinunue chakula mpaka mwisho wa mwezi, familia zetu zitakula nini kutoka kabatini na kwenye friza? Yangu itakula, tena vizuri, na si kwa sababu nimejaza vitu kuliko wengine. Nyumba nyingi vitu vimo. Shida huja saa kumi na mbili jioni: nyama ngumu kama jiwe, maharage hayajalowekwa, watoto wanazungukazunguka jikoni wakiuliza. Hapo ndipo mtu anatoka kwenda kununua cha haraka, na kabati kaliacha limejaa.

Kwa hiyo swali la "leo tunakula nini" mimi hulijibu usiku wa kuamkia, nikimaliza kuosha vyombo. Nafungua friza, natoa kitoweo cha kesho na kukishusha rafu ya chini ya friji, ndani ya bakuli ili majimaji yake yasichuruzike kwenye vyakula vingine. Vipande vidogo asubuhi vimeshalainika. Kuku mzima mpe siku nzima, na akiwa mkubwa mwongeze. Kuyeyushia mezani sikutaki, kwa sababu nje nyama inapata joto na bakteria wanaanza kuzaana huku katikati bado ni barafu.

Kisha maharage. Nayachambua, nayaloweka kwenye maji mengi, na asubuhi maji hayo nayamwaga. Kikombe kimoja cha maharage makavu kikiiva hutoa karibu vikombe vitatu, kwa hiyo sioni maana ya kuwasha moto kwa ajili ya mlo mmoja. Napika sufuria kubwa, tunakula, yaliyobaki nayagandisha kwenye mifuko pamoja na mchuzi wake kidogo. Mfuko naulaza na kuubana uwe bapa, si donge, maana ulio bapa unayeyuka upesi hata siku niliyosahau kuutoa mapema.

Maharage mekundu yana masharti yake. Yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara, na haiondoki kwa moto wa taratibu. Yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, ndipo upunguze moto. Nyanya zisubiri mpaka yameiva, kwani uchachu wake huyachelewesha kulainika. Na yale yaliyokaa kabatini mpaka yamekuwa sugu, chembe ya magadi kwenye maji ya kulowekea huyalegeza.

Kwenye friza nashika kanuni ya kuanza na cha zamani, ndiyo maana kila mfuko una jina na tarehe. Msiseme mtakumbuka. Supu ya mifupa na mchuzi wa dengu vikishaganda havitofautiani hata kidogo. Friza ikikaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri chakula hakiozi, lakini ladha inakwenda: nyama ya kusaga ni nzuri kwa miezi 3 au 4, vipande vikubwa vinavumilia zaidi. Mkikuta kipande kina mabaka makavu ya kijivu, msikitupe. Ni unyevu tu umetoroka. Kukaanga hakitafaa, kitakuwa kikavu mdomoni, ila kwenye mchuzi wa kuchemka muda mrefu hakuna atakayejua.

Wali uliobaki ndio ninaouwekea ukali. Kuna bakteria ambaye vijimbegu vyake havifi mchele ukichemka. Wali ukiachwa kwenye sufuria mpaka usiku, vinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Mimi nautandaza kwenye sinia upoe haraka, na ndani ya saa moja uko kwenye friji. Kesho yake unakaangwa na yai na njegere za kwenye friza, na nyumbani kwangu wapo wanaokipenda kiporo hicho kuliko wali wenyewe.

Maganda ya karoti, vikonyo vya vitunguu na mifupa ya kuku vina mfuko wao. Ukijaa, ni supu.

Wapo watakaowaandikia kwamba watatumia kila kitu mpaka kabati libaki tupu. Sikubaliani nao. Mafuta, chumvi na vitunguu vikikatika, hayo maharage yote yanageuka adhabu, na familia itaasi kabla mwezi haujaisha. Mimi nikiona mafuta yamefika chini nabadilisha mapishi, nachemsha badala ya kukaanga, kabla hayajaisha kabisa.

Tena friza tupu ina hasara yake. Umeme ukikatika, iliyojaa hutunza ubaridi kama saa 48 ikiwa mlango haufunguliwi. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Kadiri tunavyokula, nafasi inayobaki naijaza chupa za maji. Chupa zisijazwe hadi mdomoni, maana maji yakiganda hutanuka na kuzipasua.