Mchele wa Kyela kwenda Nakonde
Dada yangu, umeuliza uanzeje kuuza mchele wa Kyela Zambia bila madalali wa Tunduma. Tafuta mnunuzi kabla ya kununua gunia hata moja. Vuka mpaka mwenyewe uende Nakonde, mji wa Zambia ulio mkabala na Tunduma, shinda dukani kwake, uone anapima kwa kilo au kwa debe. Mimi nilimwamini mtu wa simu, nikapoteza magunia 12. Hadi leo inaniuma.

Kibali cha kuingiza mzigo Zambia aombe mnunuzi, upande wake. Wewe chukua cheti cha uasilia cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), kinachoonyesha mchele umetoka Tanzania, pale TCCIA, chemba ya wafanyabiashara (cha COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, usikitafute, Tanzania tulijitoa mwaka 2000), na cheti cha usafi wa mimea TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Bei andikianeni, mtaje kabisa kama ni kwacha au shilingi.