Maswali yenu kuhusu bango

Bango na tangazo si kitu kimoja?

Hapana. Tangazo ni ujumbe: waweza kusomwa redioni, kuchapwa gazetini au kupigiwa mbiu. Bango ndilo linaloubeba, liwe turubai lililotandazwa kwenye fremu ya chuma kando ya barabara kuu au kipande cha boksi mkononi mwa mwandamanaji. Ndiyo maana kampuni hukodi bango moja na kubadilisha matangazo juu yake. Pale ambapo msomaji anaweza kudhani unazungumzia maandamano, andika "bango la matangazo".

Na kibao?

Kibao ni kidogo, na kazi yake hasa ni kutambulisha au kuelekeza: jina la duka, njia ya kwenda zahanati. Tatizo lake ni wingi wa maana. Kuna kibao cha shavuni, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kibao kinachotamba redioni, na watu kibao. Katika kichwa cha habari mimi hukikwepa.

Meneja wetu husema "jambo hili tulishikie bango". Bango gani?

Picha iliyomo ni ya mtu aliyeinua bango na hataki kulishusha: anadai, anarudia, hanyamazi. Kwa jambo ni sifa. Kwa mtu ni lawama, ukiambiwa "mbona umenishikia bango?" ujue umemchosha mwenzako.

Kwa nini chati ya muziki ya Marekani inaitwa Billboard, yaani bango?

Kwa sababu jarida lenye chati hiyo lilianza Cincinnati mwaka 1894 likiwahudumia watu wa biashara ya kubandika mabango. Sarakasi na maonyesho ya jukwaani yalitegemea sana mabango hayo, basi jarida likaanza kuandika habari za burudani, na baadaye muziki ukatawala kurasa zake. Chati yake maarufu ya nyimbo, Hot 100, ilikuja mwaka 1958. Biashara ya mabango ikatoka, jina likabaki.

Muziki wa bango nao?

Huo ni wa pwani ya Kenya, maarufu harusini, na jina la mwanamuziki Mzee Ngala wa Mombasa haliachwi ukitajwa. Hautangazi bidhaa yoyote.

"Mabango hizi" ni sahihi?

Mabango haya. Hata bango kitita, yale makaratasi makubwa yanayofunuliwa mbele ya wanasemina, hufuata ngeli hiyohiyo: mabango kitita yameletwa.