Kwa nyinyi mnaoanza zamu ya oveni ya nyuzi 140

Juzi saa nane za usiku nimemkuta kijana wetu wa fildi kafungua mlango wa oveni, shingo ndani. "Nachungulia tu, kaka." Kuchungulia! Nimekuja kuandika haya hasira ikiwa haijapoa, mtanisamehe. N.4, lile jaribio la Umoja wa Mataifa la kuona kama kitu kinajipasha moto chenyewe, mmeshafundishwa: mchemraba wa wavu wa milimita 25, wa milimita 100, saa 24 ndani ya oveni, na sampuli ikipita nyuzi 200 imefeli. Sirudii.

1. Mlango haufunguliwi. Joto likishuka unaanza upya. Halafu poda iliyokuwa inafukuta kwa kubania hewa, ukiiletea hewa ghafla, itakushukuru kwa kukuchoma nyusi.

2. Jaza, gonga, ongeza, sawazisha na ukingo. Asiyegonga anapima hewa.

3. Themokapo, yaani waya wa kupimia joto, ikae katikati ya sampuli. Katikati kweli.

Hapa nina aibu yangu, na bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa jikoni. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Ijumaa, sampuli ni unga wa makaa ya vifuu vya nazi, mchemraba wa 100. Niliichomeka themokapo vizuri kabisa. Nilipokuwa nafunga mlango nikahisi waya umevutika kidogo, kama mtoto anavyokuvuta shati. Ningefungua ningeona. Lakini kulikuwa na harusi ya binamu, na mimi ndiye niliyekuwa na pesa ya mchango. Nikaondoka.

Jumamosi nikaja kusoma grafu. Mistari miwili, wa oveni na wa sampuli, inatembea pamoja kama mapacha waliovalishwa sare. Mahali pamoja tu yote miwili ilipanda hadi 149, ikakaa huko kwa muda, ikashuka. Kando yake nikaandika kwa penseli: "oveni imeyumba." Nikazima, nikajaza ripoti kwamba haikujipasha moto, nikasaini, nikamtumia mteja. Oveni sikuifungua. Pilau ilikuwa inanisubiri.

Jumatatu bosi wetu ndiye aliyekwenda kutoa mchemraba ili upimwe uzito. Siku zote huniita "baba". Siku hiyo aliniita "wewe, njoo." Mchemraba ulikuwa kwenye trei, wavu umegeuka rangi ya buluu na kahawia, ndani nusu nzima ni jivu. Akalipuliza taratibu, likapaa kama unga wa ngano. "Na hili nalo halikujipasha?" Themokapo ilikuwa inaning'inia karibu na ukuta wa oveni. Usiku kucha ilikuwa inapima oveni, na mimi naisifu sampuli kwa utulivu. Zile nyuzi 9 nilizozisingizia oveni zilikuwa makaa yanawaka.

Alinilazimisha nipige simu mwenyewe. Mteja hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliuliza tu, "Sasa mlichonitumia kilikuwa nini?" Mzigo ulibaki ghalani. Tuliporudia, sampuli ilipita 200 kabla jua halijazama.

4. Mchemraba mdogo ukifaulu usishangilie. Joto huzaliwa tumbo zima lakini hutoka nje kupitia ngozi tu, kwa hiyo lundo likikua, joto linakosa njia. Hiyo 140 yenyewe imetokana na makaa: lundo la mita za ujazo 27 linaweza kujiwasha kwa nyuzi 50 tu, nasi hatuna oveni ya kuingiza lundo la ukubwa wa chumba, ndiyo maana tunapika kidogo kwa joto kali. Wa 25 ukifeli, ni kundi la ufungashaji II, yaani mzigo wa hatari ya kati, mjadala umekwisha. Ukifeli wa 100 peke yake, muulize mteja ukubwa wa kifurushi kabla hujaandika chochote.

5. A.16, jaribio la kutafuta joto ambalo kitu kigumu hujiwasha, ni jambo jingine: mchemraba wa milimita 20, joto la oveni linapanda nusu nyuzi kwa dakika, hadi 400. Uliza kwanza kama kitu kinayeyuka. Kuna mwenzenu mmoja hakuuliza, sampuli ikachuruzika kupitia wavu hadi sakafu ya oveni, akaikwangua siku mbili kwa spachula huku sisi tunapita kumpa pole. Sasa hivi ni mkuu wa kitengo, na spachula ile bado anayo mezani.

Na wewe wa saa nane: sampuli yako nimeipanga upya, inaanza leo jioni. Zamu ni yako. Chai iko kwenye chupa, ufunguo wa oveni ninao mimi.