Jibu: Stadi za ARP kwenye Subaru EJ20, gasketi inaungua tena

Habari mkuu. Nimekusoma: umefunga stadi mpya za ARP (vyuma vya thredi vinavyobana hedi kwenye bloku) kwenye injini yako ya EJ20, ukakaza kwa namba za kitabu cha Subaru, na hedi gasketi imeungua mara ya pili.

Kwanza, ulipaka nini kwenye thredi? Hawa jamaa wa ARP, kampuni ya California (mwanzilishi wake Gary Holzapfel alianzia gereji ya nyumbani, 1968), wanapiga hesabu za toki, yaani nguvu ya kukaza, kwa grisi yao, Ultra-Torque. Mimi nilipaka oili ya injini. Spana ya toki ikalia "ka!" vizuri kabisa, kumbe msuguano umekula nguvu na hedi haijabanwa. Fuata karatasi ya ndani ya boksi. Zile digrii za kuzungushia bolti za kitabuni ni za bolti za kiwandani.

Stadi ziingie kwa mkono tu. Kabla ya hapo pulizia matundu ya bloku, maana oili ikituama chini inaweza kuipasua bloku. Nati kaza kwa awamu tatu, na washa nazo zipate grisi.

Ikiungua tena, laza rula ya chuma kwenye uso wa hedi unaokaa gasketi. Ikiwa hedi imepinda, stadi hazina kosa, peleka ikachongwe. Mimi nimefunga stadi za injini za petroli tu. Za dizeli waulize wengine humu.