Kutembelea kiwanda cha sake Kyoto mwezi Januari

Ndugu, umeuliza kama Januari utaweza kuona sake, ile pombe ya mchele ya Kijapani, ikitengenezwa Kyoto, na ujiandae vipi. Mwezi umeuchagua vizuri. Viwanda vya jadi hufanya kazi zaidi Oktoba hadi Machi, maana baridi huzuia bakteria na uchachushaji huenda polepole.

Nenda Fushimi, mtaa wa Kyoto wenye viwanda vya sake; ukipanda treni ya Keihan, shuka Chushojima. Makumbusho ya Gekkeikan Okura yapo karibu, lakini hapo utaona zaidi vifaa vya zamani. Ukitaka kazi yenyewe, andikia kiwanda kidogo mapema na uombe asubuhi, mchele unapopikwa kwa mvuke. Vingi havipokei wageni msimu huu, kwa hiyo usiende bila miadi.

Jambo kubwa la kuepuka ni natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa. Usiyale siku hiyo, na ni salama zaidi kuyaacha tangu siku iliyotangulia. Bakteria wake hutengeneza mbegu zinazostahimili hata maji yanayochemka. Zikiingia chumba cha koji, yaani mchele unaooteshwa kuvu, chenye joto la nyuzi 30 na zaidi, huishinda ile kuvu inayogeuza wanga kuwa sukari, mchele ukawa na utelezi na kazi ikaharibika. Ndiyo maana hata wafanyakazi hukatazwa kuila. Manukato nayo yaache. Yanafunika harufu ya sake.

Kuonja ni kuanzia miaka 20. Sake nyingi ina kileo cha asilimia 15 hivi, basi kunywa maji katikati na usiendeshe gari. Ukinunua namazake, isiyochemshwa, iweke kwenye friji. Ikipata joto ladha huharibika haraka.