Lipa Mwenyewe, Kisha Useme

Wiki iliyopita binti mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nami nataka kuandika kuhusu vitabu, misosi na filamu kama wewe. Nianzeje ili niwe naalikwa?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali la kuanza nimelipenda. Hilo la kualikwa limenichoma, maana nilishaalikwa.

Mgahawa wenyewe siutaji. Mwenyeji alinipokea mlangoni, akaniketisha upande wa upepo, nikaletewa changu wa kupaka. Tui lilikolea vizuri, ukwaju wa kiasi, ila samaki hakuiva karibu na mfupa. Nikaandika hivyohivyo, tena kwa adabu, tui nikalisifu. Asubuhi yake simu ikaita: "Yaani tumekulisha bure halafu unatuchafulia jina?" Mtu mzima mimi, mwenye kazi na watoto, naambiwa nimelishwa! Nilijibu kwa upole, lakini mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Tangu hapo kitabu nanunua, sahani nalipa, tiketi nakata. Mengine yote utakayoyasoma hapa yanatokana na hilo.

Mwezi huu nilikuwa Unguja. Nilibeba *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Gurnah kupewa Nobeli ya 2021. Wengi walishangilia Nobeli, wachache wakafungua kitabu. Mimi nimekimaliza, na hili nalisema kwa majivuno kidogo. Kilichonishika si msafara wa kwenda bara wala Wajerumani. Ni Yusuf, mtoto mdogo, anayefurahi tajiri Aziz akija kwao kwa kuwa siku hiyo jikoni hunukia, na yeye anavizia makombo ya mgeni. Kumbe baba yake ana deni, na tajiri akiondoka anamchukua mtoto kama rehani. Niliyasoma hayo nikiwa na njaa, nikakifunga kitabu kwanza.

Nikaenda kula urojo. Hapa nisamehe, nitakaa kidogo. Mwuzaji alikuwa mama mmoja kwenye kibaraza uchochoroni. Forodhani, ile bustani ya pwani inayogeuka soko la vyakula usiku, kuna raha yake, ila macho yanashiba kabla ya tumbo. Kwa mama yule unapewa bakuli: mbatata, bajia za dengu, kachori, mshikaki, chipsi za muhogo zilizosagika juu, chatne ya nazi, pilipili, kisha mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi unamwagiwa juu ya vyote. Muhogo ule usiuache uloe. Kula upesi, ubakie na ukakamavu wake. Bajia zake zilikuwa za asubuhi, zimenyong'onyea, na nilimwambia. Akacheka, "Mwanangu, kesho uje mapema." Nilikwenda, zilikuwa za moto. Yule nilimlipa, nikamkosoa, na kesho yake akanikaribisha vilevile.

Usiku nikatazama *Vuta N'kuvute*, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Tuwe wakweli, wengi wetu riwaya ile tuliijulia kwenye notisi za tuisheni: Yasmin kaozwa kwa mzee, Denge anapigania uhuru, dhamira, wahusika, mtihani umekwisha. Jirani yangu ukumbini alinung'unika mpaka mwisho kwamba vingi vya kitabuni havimo. Ni kweli havimo. Lakini kuta za Mji Mkongwe, kiza cha vyumbani, na namna wale wawili wanavyotazamana kabla hawajasema kitu, hivyo notisi hazikunipa. Kuna sehemu filamu inajipendeza mno kwa uzuri wake, kasi inapotea, nami nilipiga miayo. Nayo nimeiandika.

Makala hiyo ya filamu imesomwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Hata mwandishi mmoja aliyewahi kuniambia "wewe ni mlaji tu, si mchambuzi" ameisambaza, bila kunitaja. Nimeona, kaka.

Sasa mdogo wangu, ushauri. Maliza kitabu kabla hujakisema. Andika usiku uleule, kabla wenzako hawajakwambia filamu ilikuwaje. Na lipa. Utasema huna hela: basi azima maktaba ya mkoa, kula cha kibarazani, filamu moja kwa mwezi inatosha. Kijana anayelipia bakuli moja la urojo na kulisema kwa haki ana faida kubwa kuliko anayeshushiwa kamba wa bure kila Ijumaa na kuandika "tamu sana" mwaka mzima. Mnaona wenyewe kurasa zilivyojaa hao, kila mgahawa bora, kila filamu ya kihistoria, kila kitabu lazima ukisome. Wasomaji si wajinga, wanajua nani kashiba kwa nani.

Wakikualika, nenda ukitaka. Ila ukifika, omba bili kabla hujaagiza kahawa, maana kahawa ikishaletwa huwa wanaanza kukuonyesha pembe ya kupigia picha.