Jibu: Mrija na kijiti kwenye picha ya mwali wa Kiapache

Salaam mkuu. Naona uzi wako umelala bila jibu. Umekwama kuandika maelezo ya picha ya mwali wa Kiapache wa Arizona, yaani msichana wa Waapache, wenyeji asilia wa Marekani, akiwa kwenye sherehe ya kuvunja ungo: vitu viwili vidogo vinaning'inia kifuani kwa kamba ya ngozi, hujui kipi ni kipi.

Kuza picha uangalie ncha. Chenye tundu ni mrija wa tete, wa kunywea maji. Kisicho na tundu ni kijiti cha kujikunia. Siku za sherehe maji hayaguswi kwa midomo wala ngozi kwa kucha. Mimi nikiandika maelezo ya picha za namna hii huanza na hivyo viwili, maana vingine havisumbui: gamba la abaloni (konokono wa baharini) linalong'aa kwenye paji la uso, unyoya wa tai kwenye nywele, na ile fimbo yenye kengele na utepe ambayo mwali huigonga chini kufuata ngoma.

Ule unga wa njano usiuandike "unga wa mahindi". Mara nyingi ni chavua ya mmea wa kandokando ya maji, hunyunyizwa kwa baraka. Na yule mama aliye pembeni yake usimwite mzazi haraka; huyo ni kama kungwi, na kwa desturi hutoka ukoo mwingine.

Halafu hakikisha picha ni ya San Carlos au White Mountain kweli, maeneo ya Waapache huko Arizona. Wamescalero, Waapache wengine, wako New Mexico, na wao husimamisha hema kubwa la miti. Ukiliona hilo, badilisha maelezo yote.